Miguu Minne ya Chatu

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu waliokula, au ya watu walioahidiwa chakula? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Mwenye kiti akae, asiye na kiti akae vilevile. Nipeni masikio niwape uongo wenye ukweli ndani yake, maana ukweli wenye uongo ndani mnaupata redioni kila siku, tena bure.

Hapo zamani, zamani ile ya kale na kale, kabla vyeti havijaanza kupigwa laminesheni, kabla neno "tutakupigia" halijazaliwa, palikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Dimbwini.

Dimbwini palikuwa na bwawa moja tu. Kila kiangazi bwawa lilijaa tope, na kila kiangazi wanyama walilichimba upya kwa zamu. Hakuna aliyesukumwa. Hakuna kiboko, hakuna mgambo. Asubuhi ya zamu yako ikifika unaamka, unajinyoosha, unaenda kuchimba. Kwa nini? Kwa sababu ya Kibao.

Kibao kilikuwa hivi. Masika yakiisha, udongo wa mfinyanzi ulitandazwa juu ya mwamba kando ya bwawa. Wanyama wote waliuzunguka, wakabishana. Walibishana kutwa, wakatukanana, wakaombana radhi, wakabishana tena. Wakishakubaliana, kila mmoja alikanyaga udongo ule unyayo mmoja. Mmoja tu. Jua likaukausha, nyayo zikawa ngumu kama jiwe. Wasomi wanaita katiba. Wao waliita Kibao.

Na Kibao kilisema mambo matatu. La kwanza, kila mwenye mguu atachimba zamu yake. La pili, kila mwenye kiu atakunywa. La tatu, mfalme atakunywa wa mwisho.

Mmesikia hilo la tatu?

— Tumesikia!

Lishikeni. Ndilo lililoleta kasheshe.

Aliyekanda udongo wa Kibao kila mwaka alikuwa Mhanga. Mnamjua Mhanga: masikio kama ya punda, pua kama ya nguruwe, kucha kama majembe. Kukanda udongo alirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Walimwita Mama Kichuguu, kwa sababu mwanawe wa pekee aliitwa Kichuguu, naye alikuwa bado ananyonya, pua yake bado ya waridi. Mhanga hakuwa na makuu. Alikuwa na shimo lake, mwanawe na mchwa wake wa jioni. Basi.

Sasa Simba, mfalme wa siku nyingi, akafa kwa uzee. Wanyama wakamwambia Fisi, "Bwana Kingugwa, kaimu kiti siku arobaini, mpaka tukande Kibao kipya tukubaliane na mfalme mpya."

Kingugwa akakaa juu ya jiwe la enzi, kando ya bwawa. Siku ya kwanza akasema, "Jiwe gumu hili." Siku ya kumi akasema, "Jiwe si baya." Siku ya arobaini akasema, "Jiwe hili na matako yangu tumezoeana." Siku ya arobaini na moja hakushuka.

Lakini lilikuwepo jambo lililomnyima raha. Kila aliyepita alisema, "Hujambo, Bwana Kaimu." Akinguruma, "Hujambo, Bwana Kaimu." Akimtuma mpwawe amng'ate mtu kisigino, mtu analia huku anasema, "Nimesikia, Bwana Kaimu, aah, kisigino changu, Bwana Kaimu!"

Kingugwa akawaza. "Wananiita kaimu kwa kuwa sina Kibao. Nikiitisha Kibao watabishana, na wakibishana watanitoa. Basi nitafanya Kibao bila wao. Nyayo ni mashimo tu kwenye udongo. Na mtaalamu wa mashimo ninamjua."

Siku ya kwanza akaenda shimoni kwa Mhanga, hatua chache kutoka bwawani. Akainama, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, Mama Kichuguu."

Mhanga akashtuka. Mkubwa akikuamkia shikamoo, shika mfuko wako. "Marahaba, Bwana Kaimu. Kuna nini?"

"Nifanyie Kibao. Kabisa kabisa, chenye nyayo tayari. Wananchi wana shughuli, tusiwasumbue."

"Aa, baba. Mimi nakanda udongo tu. Miguu wanakuja nayo wenyewe."

Fisi akacheka, akaondoka.

Siku ya pili akarudi. "Mama Kichuguu, nimekuteua, with immediate effect, yaani kuanzia sasa hivi, kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Mashimo."

"Mashimo ninayo kumi na mawili, bwana, na nimeyachimba bila ukurugenzi."

Fisi akacheka, akaondoka.

Siku ya tatu hakuja peke yake. Alikuja na wapwa zake watatu. Hawakuamkia. Walikaa chini mbele ya mdomo wa shimo, wakaanza kujilamba.

"Kichuguu hajambo?" akauliza Kingugwa.

Mhanga akamsukuma mwanawe ndani zaidi.

"Wapwa zangu hawana pa kulala. Nimewaambia, mbona kuna shimo zuri hapa, kubwa, lina ubaridi. Na mtoto wa kuchezea yupo. Wanapenda sana watoto." Udenda ukamdondoka, tii, tii, mpaka chini. "Sasa kile Kibao tulichosema…"

Mama ni mama, jamani. Mhanga akainamisha masikio yake yale marefu mpaka yakagusa vumbi. Akasema, "Niambie unavyokitaka."

"Nyayo za wote. Asilimia mia. Asibaki mtu."

"Unyayo mmoja mmoja, kama desturi?"

"Hiyo desturi ya Simba! Mimi napendwa mara nne zaidi ya Simba. Weka miguu yote minne ya kila mtu."

Mhanga akakuna pua. "Na Chatu je?"

"Chatu ni mwananchi au si mwananchi?"

"Ni mwananchi."

"Basi muweke."

"Miguu mingapi, bwana?"

Kingugwa akatoa macho. "Wewe mwanamke, wenzake nimekwambia mingapi? Minne! Unataka kunipunguzia umaarufu?"

"Minne. Na Kambale, yule samaki wa kwenye tope?"

"Minne naye! Tena usiniulize maswali ya kipumbavu, fanya kazi."

"Nimesikia," akasema Mhanga. Na kweli alikuwa amesikia. Mtumwa mtiifu kupita kiasi ni hatari kuliko mtumwa mkorofi, ila mabosi hawafundishwi hilo.

Alichonga siku tatu. Alichonga kwa kucha zake mpaka zikamuuma. Kwato za Nyati alizifahamu, za Ngiri alizifahamu. Za Digidigi zilikuwa ndogo mno kwa kucha zake, akazifanya kubwa kidogo. Kidogo gani? Kama sahani. Za Chatu alikaa akatafakari, mwisho akaiga miguu ya mjusi, akaikuza. Kambale akampa miguu ya bata. Wapwa walikaa mdomoni mwa shimo lake muda wote huo, na hata Kibao kilipokwisha hawakuondoka. "Tunalinda kiwanda," walisema.

Siku ya uzinduzi ikafika. Kukawa na vigelegele vya kulazimishwa. Kingugwa akafunua majani ya mgomba yaliyofunika Kibao, na Kasuku, msomaji wa Kibao, akaghani kama desturi: "La kwanza, kila mwenye mguu atachimba zamu yake. La pili, kila mwenye kiu atakunywa. La tatu, mfalme atakunywa wa kwanza, ataoga, ndipo wengine wafuate."

Vigelegele vikakatika. Hata inzi walitua.

Nyati akasogea, akatazama. "Hizi kwato zangu? Mbona mimi wiki nzima nilikuwa kwa shemeji, ng'ambo ya mto?"

Ngiri akasogea, akatazama. "Mimi mguu huu wa nyuma niliukata kwenye mtego mwaka juzi. Hapa naona ninao. Alhamdulillah."

Digidigi akasogea. Akatazama kwato zake nyembamba kama njiti, akatazama zile za Kibaoni. Akasema taratibu, "Kumbe nimekua."

"Makofi!" wakabweka wapwa.

Wakapiga makofi. Kupiga makofi hakuchoshi, mtu unaweza kupiga huku unawaza mengine. Na kuanzia siku ile wakamwita Mfalme. "Hujambo, Mfalme." Kingugwa akalala usingizi mtamu, akikoroma juu ya jiwe lake.

Mhanga yeye hakulala. Alimnyonyesha Kichuguu huku anatazama migongo ya wapwa watatu imeziba mlango wake.

Kiangazi kikaingia. Tope likajaa bwawani. Siku ya kuchimba ikafika, hakutokea mtu.

Kingugwa akamwita Nyati. "Zamu yako leo. Kibao kinasema."

"Kinasema kweli, Mfalme. Tena nyayo zangu nne zipo pale pale. Ziambie zichimbe."

Akamwita Ngiri. "Zamu yako!"

"Yangu? Aliyechimba siku zote ni huyu wa miguu mitatu. Wa miguu minne yuko Kibaoni, mwite huyo, ana nguvu."

Akamwita Digidigi. "Wewe mdogo, hata wewe?"

"Mimi si mdogo, Mfalme. Tazama Kibao."

Na ndege, ambao midomo yao haijawahi kupata kibali cha mtu, wakatunga wimbo. Itikieni nami:

Mguu wangu ninao,
— Ninao!
Sijaupeleka kwao,
— Ninao!
Aliyekanyaga achimbe,
— Achimbe!
Mimi wangu ninao.
— Ninaooo!

Kingugwa akatuma ndugu zake wengine wawachimbishe watu kwa kuwang'ata. Watu wakachimba. Nyati alichimba siku nzima mahali pakavu penye mawe, akapata shimo zuri, akalala humo. Ngiri alitoa tope upande wa kulia akalitia upande wa kushoto, kesho yake akalirudisha. Anayelazimishwa kuchimba huchimba, ila maji hayaoni.

Bwawa likawa dimbwi. Dimbwi likawa kidimbwi. Kidimbwi kikawa tope lenye Kambale mmoja ndani, anayevuta pumzi kwa taabu.

Kingugwa alikuwa na haki yake ya kunywa wa kwanza. Akaenda kunywa wa kwanza. Akanywa tope. Akatapika wa kwanza.

Kule shimoni, maziwa ya Mhanga yakaanza kukauka. Kichuguu alivuta ziwa, akavuta, akaliachia, akamtazama mama yake. Hakulia. Mtoto akifika mahali pa kutolia, mama ndiye anayeanza kulia. Mhanga akajisemea, "Nilichonga uongo ili mwanangu asiliwe na fisi. Sasa mwanangu anakufa kwa uongo wenyewe. Nimemwokoa wapi?"

Basi, asubuhi moja, wanyama wote wakiwa wamekusanyika bwawani kuramba umande kwenye majani, akatokea Chatu. Alikuwa amemeza swala kabla ya uzinduzi, akalala, na habari alizipata amechelewa. Alikuja polepole, kichwa kikafika, mwili bado unakuja, watu wakasubiri.

"Amani kwenu," akasema Chatu. "Nimesikia nina miguu."

"Una nini?" akauliza Kingugwa.

"Miguu. Minne. Nimeambiwa imo katika Kibao cha nchi." Akanyanyua shingo, akakitazama Kibao kwa muda mrefu, kwa mapenzi kabisa. "Mizuri. Ina vidole. Miaka yote hii natambaa kwa tumbo kwenye miiba, kumbe serikali imenitunzia miguu. Nimekuja kuichukua."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kicheko. Kingugwa akasema, "Chatu, ndugu yangu, hiyo ni miguu ya… ya heshima. Honorary."

"Nashukuru. Nipe hiyo ya heshima nitembee nayo kwa heshima."

"Haitembei."

"Basi si yangu? Si yangu, basi sikukanyaga. Kama mimi sikukanyaga, Nyati alikanyaga?"

Wanyama wote wakageuka kumtazama Nyati. Nyati akatazama mawingu yasiyokuwepo.

Kingugwa akaona shimo linachimbika pasipo jembe. Akisema miguu ni ya uongo, Kibao ni cha uongo, na yeye ni kaimu. Akisema ni ya kweli, aitoe wapi? Akili ya fisi ikakimbia huku, ikakimbia kule, ikajigonga.

"Ameificha!" akapiga kelele. "Huyu alikuwa na miguu! Kibao hakisemi uongo! Ameificha mali ya umma! Wapwa, msakeni!"

Wapwa watatu wakaondoka mbio kutoka mdomoni mwa shimo la Mhanga. Wakaanza kumpekua Chatu. Walianza kichwani. Wakapapasa, hakuna mguu. Wakaendelea, hakuna mguu. Chatu ni mrefu, na yeye aliwasaidia, "Labda mbele kidogo. Labda ukipinda hapo." Wakapinda, wakapinda tena. Walipofika mkiani na kuinua vichwa, waliona Chatu mbele, Chatu nyuma, Chatu kulia, Chatu kushoto. Wamefungwa kama mzigo wa kuni.

"Mmeona mguu?" akauliza Chatu.

"Hapana, shikamoo," wakasema wapwa.

Kingugwa akabaki na shahidi mmoja. "Mama Kichuguu! Wewe fundi wa Kibao. Waambie! Ulimwona Chatu akikanyaga?"

Macho yote kwa Mhanga. Mhanga akatazama nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu masika, mlango wa shimo lake ulikuwa wazi, na Kichuguu ametoa pua nje, pua kavu, imepasuka.

"Sikumwona Chatu," akasema Mhanga. "Wala Nyati. Wala Ngiri. Sikumwona hata mmoja wenu. Nyayo zile nimezichonga mimi, kwa kucha hizi. Niliogopa."

Wengine walitaka kumpiga. Ngiri akasema, "Mama Kichuguu, si ungetuambia!" Mhanga akajibu, "Nanyi si mlijua? Mbona mlipiga makofi?" Hakuna aliyenyanyua mkono tena.

Msimwite shujaa. Shujaa angesema siku ya kwanza. Alisema siku ya mwisho, lakini alisema.

"Shuka!" Nyati akamwambia Kingugwa.

"Sishuki!"

Wakamshika miguu ya mbele wakavuta. Kingugwa akaganda kwenye jiwe kwa matako. Wakavuta, akaganda. Wakavuta, akaganda. Mara ya tatu mbele kukarefuka, nyuma kukabaki kulekule, mpaka jiwe likamwachia, pwaa! Ndiyo maana mpaka leo fisi mbele amenyanyuka, nyuma ameinama. Mkiona mtu anatembea hivyo, ulizeni alikalia nini.

Wakavunja kile Kibao vipande vipande. Sasa wakande kipya. Lakini udongo mkavu haukandiki, na maji hakuna.

Wakatazamana. Digidigi akasema, "Mimi nina mate. Kidogo."

Akatema, ptu. Nyati akatema. Ngiri akatema. Ndege wakatema vijitone. Kila mmoja alitoa unyevu wa mwisho mdomoni mwake, na ulimi ukabaki kama gamba. Mhanga akakanda. Udongo bado mgumu.

Wote wakageuka, wakamtazama Kingugwa. Alikuwa amekaa pembeni, anapapasa mgongo wake mpya. Na ingawa nchi nzima ilikuwa kavu, yeye, kwa tamaa ya kukiona kile kiti kitupu, udenda ulikuwa unamtoka, tii, tii, tii.

"Lete," wakasema.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza, na ya mwisho kwa habari nilizonazo, udenda wa fisi kulifaa taifa.

Udongo ukalainika. Wakabishana. Wakatukanana kwa sauti kavu, wakaombana radhi. Wakakubaliana, mfalme atakunywa wa mwisho, tena atachimba wa kwanza. Baada ya hapo walioutaka ufalme walipungua sana. Wakakanyaga. Ngiri alikanyaga wa mbele. Digidigi aliacha vitundu viwili vidogo, akaviona, akafurahi. Hata Kingugwa akaambiwa, "Kanyaga, na wewe ni mtu," akakanyaga. Chatu alipowaachia wapwa, wakakanyaga huku wanahema.

Mhanga akasema, "Na Chatu?"

Chatu, miaka yote, alikuwa hajawahi kuulizwa. Akauangalia udongo, akajilaza juu yake, akapita toka upande huu hadi upande ule. Akaacha mfereji mmoja mrefu, laini, katikati ya nyayo za wote.

"Huo ndio mguu wangu," akasema.

Kambale naye wakamnyanyua, akapiga mkia mara moja, chap, wakamrudisha.

Kabla jua halijawa kali, Nyati akawa yuko bwawani anachimba. Hakuna aliyemwita. Ngiri akafuata. Mhanga akachimba kwa kucha zilezile. Siku ya tatu maji yakabubujika, machafu, matamu. Aliyekunywa wa kwanza alikuwa Kichuguu.

Lakini Mhanga aibu haikumtoka. Ndiyo maana mpaka leo mchana haonekani. Na akihama shimo halizibi, analiacha wazi, aingie Ngiri, aingie Nungunungu, aingie Chatu, yeyote asiye na mlango. Ndiyo njia yake ya kulipa, na bado analipa.

Ngano inatufunza hivi: unyayo uliochongewa na mwingine hauwezi kukuamsha alfajiri kwenda kuchimba. Mtu hulinda alichokikanyaga mwenyewe. Serikali isiyo na miguu ya watu wake itaitwa Mfalme, itapigiwa makofi, na itakunywa tope wa kwanza.

Ngano yangu nimeitua hapa, kando ya bwawa, udongo bado mbichi. Ukiipenda, ikanyage uende nayo. Usipoipenda, bishana nami; lakini usije ukasema ulikuwepo kama hukuwepo.